Kutoa pepsinojeni kwenye tumbo: hatua za maabara ndogo

Seli za tumbo hazitengenezi pepsini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini, ikiwa tayari kufanya kazi. Hutengeneza pepsinojeni, umbo lake lililolala, kisha asidi huiamsha. Kwa hiyo usiruhusu asidi iguse sampuli yako hadi wakati wa kupima. Ikiamka mapema, pepsini itajimeng'enya yenyewe ndani ya chupa.

1. Tishu ya binadamu, hata kipande kilichobaki baada ya upasuaji, inahitaji ridhaa ya mgonjwa, idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya. Wakati unasubiri, jizoeze kwa tumbo la nguruwe kutoka kwa mchinjaji. Nenda na barafu yako mwenyewe, joto la Kisumu halina huruma. Tishu ya mtu ichukulie kuwa na maambukizi: glavu, miwani, koti.

2. Chagua mahali pa kukata. Pepsinojeni A hupatikana sehemu ya juu na ya kati ya tumbo; karibu na mlango wa kutokea utapata zaidi pepsinojeni C. Wengi hukata popote, kisha wanalaumu kolamu, ule mrija wa kutenganisha protini wa hatua ya 5.

3. Suuza kwa maji baridi ya chumvi, kwangua utando wa ndani, uache misuli. Saga kwa bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya fosfeti ya pH 7.4, mililita 5 kwa kila gramu, chombo kikiwa kwenye barafu. Washa blenda kidogo kidogo, maana povu huharibu protini.

4. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 10,000 g, dakika 30, nyuzi 4. Mafuta ya juu yaondoe, maji ya kati ndiyo mali.

5. Ondoa chumvi kwa dialisisi, yaani kwenye mfuko wa utando unaopitisha chumvi na kubakiza protini, kisha pitisha kwenye kolamu ya DEAE-selulosi, ambayo hushika protini zenye chaji hasi. Pandisha chumvi ya kawaida polepole hadi 0.5 M, ukikusanya kinachotoka kwenye mirija tofauti. Pepsinojeni C hutoka mapema. A ina chaji hasi nyingi, hung'ang'ania hadi chumvi ikolee.

6. Pima kila mrija kwa kuipa pepsini protini ya kumeng'enya: hemoglobini 2%, pH 2, nyuzi 37, dakika 10. Simamisha kwa asidi ya trikloroasetiki 5%, chuja, soma kwa spektrofotomita (kipima mwanga) kwenye nanomita 280. Mrija wa kulinganisha utiwe asidi hiyo kabla ya kimeng'enya, la sivyo namba zako hazina maana.

Una shaka kama imeamka? Weka sehemu ndogo kwenye pH 8 kwa nusu saa, kisha pima. Pepsini hufa humo, pepsinojeni huvumilia. Usomaji ukishuka sana, asidi iliingia mahali. Rudi hatua ya 3.