Kabla ya kuwasha pawasaplai tatu kwenye bodi moja

Fungua datashiti (karatasi ya vipimo vya chipu) kwanza, kwani pawasaplai, yaani vifaa vya kulisha umeme, zina mpangilio wake wa kuwaka na kuzimika. Bodi yenye chipu ya FPGA (chipu unayoipangia saketi zake mwenyewe) ya Artix-7, kwa mfano, hula volti 1.0 kwenye kiini, 1.8 kwenye saketi saidizi, na mara nyingi 3.3 kwenye pini za kuingiza na kutoa. Xilinx, watengenezaji wake ambao sasa ni sehemu ya AMD, wanapendekeza kuanza na kiini, kisha saidizi, mwisho pini, na kuzima kinyumenyume. Tena wanaonya: laini ya 3.3 isiizidi ya saidizi kwa zaidi ya volti 2.625 kupita muda uliotajwa.

Bodi ikiwa bado haijaungwa, weka volti na kikomo cha ampea kwa kila chaneli, kisha muda wa kusubiri. Hapa wengi huteleza. Muda ule unahesabiwa hadi volti inapoanza kupanda, si inapofika. Laini ya pili ikichukua milisekunde 30 kupanda na umeipa ya tatu nafasi ya 20, ya tatu itaondoka mwenzake akiwa njiani. Ukichanganya modeli tofauti, ujue kila moja ina uzito wake wa kuitikia amri. Na amri za kompyuta moja baada ya nyingine kupitia mtandao haziaminiki kwa milisekunde. Ziunganishe pawasaplai kwa waya wa triga, yaani wa ishara ya kuanza pamoja.

Kuzima ndiko kugumu zaidi. Pawasaplai nyingi huacha tu kusukuma, wala hazinyonyi kilichobaki. Chukua laini ya 3.3 yenye kapasita ya mikrofaradi 470 na mzigo wa omu 1,000: baada ya milisekunde 20 bado ina volti 3.16, na itachukua kama milisekunde 108 kushuka hadi 2.625. Ukiwa umeshaikata 1.8 ikafika sifuri, muda huo wote unakula ule uliotajwa kwenye onyo. Rezista ya omu 100 sambamba na kapasita hiyo hupunguza muda hadi kama milisekunde 10, nayo haipotezi hata robo wati.

Chomoa pia kebo ya USB au ya kuprogramu chipu. Umeme hupenya kwenye pini za mawimbi na kuiamsha nusu bodi unayodhani imelala.

Sasa funga rezista mahali pa bodi, proba tatu za osiloskopu (kifaa cha kuchora volti kadiri muda unavyokwenda) kwenye laini tatu, upige picha ya kuwasha na ya kuzima. Kisha ongeza mzigo kwenye chaneli moja hadi ijikate. Zile mbili zisipojizima nazo, bodi isubiri mezani.