Jinsi ya kutengeneza kiprogramu cha kublogu kwenye laptopu na kukiachia watu, ukiwa Lamu

Kama unajua Python kidogo, yaani unaweza kuandika fankisheni na kusoma faili, basi unatosha kutengeneza programu ndogo ya kublogu inayokaa kwenye laptopu, mtu anaandika bila intaneti kisha anatuma mtandao ukirudi. Utaulizwa, kwani si mtu afungue tu brauza aandike huko huko? Afungue, lakini huku Lamu stima ikipotea ruta nayo inazima, na bando ya simu ukiacha brauza wazi inaliwa na vitu hata hukuviomba. Vijana wanaotembeza wageni wanaandika usiku wakishafika nyumbani, wanataka kuandika tu, mambo ya mtandao baadaye. Wazo lenyewe si geni, Microsoft walikuwa na Windows Live Writer tangu 2007 na watu waliipenda mpaka 2015 chanzo chake kikaachiwa huru kwa jina la Open Live Writer. Wewe hutaki kubwa kama ile.

Kabla hujagusa kibodi andika kwenye karatasi programu itafanya nini. Mimi nasema vinne: kuandika, kuhifadhi, kuweka picha, kutuma. Rangi za dirisha, kuhesabu maneno, kukagua tahajia, hayo yote yaweke ukurasa wa nyuma uyasahau kwa sasa, manake hii ni kazi ya jioni baada ya kazi na ukianza na kumi hutamaliza hata moja.

Kwa dirisha tumia Tkinter, inakuja pamoja na Python ukiinstoli kwenye Windows, sura yake ya kizamani kidogo lakini nyepesi. Wengine watakwambia tumia Electron, ya kutengeneza programu kwa lugha za tovuti, sawa, ila ile inabeba brauza nzima ya Chromium ndani yake na watu wako wengi wana laptopu za mtumba. Halafu ulizia mapema watu wana Windows gani, hili watu hulipuuza. Python 3.8 ndo ya mwisho kukubali Windows 7, kuanzia 3.9 haikubali tena. Kama umeamua kuwahudumia wa Windows 7 basi ubaki na 3.8 ukijua kwamba yenyewe iliacha kurekebishwa 2024, na kama hutaki sema wazi tangu mwanzo ni Windows 10 kwenda juu.

Sasa, kitu cha kwanza kuandika si dirisha wala batani, ni kuhifadhi. Kila makala iwe faili moja la maandishi matupu ndani ya folda moja, kichwa juu, maneno chini, kwa mtindo wa Markdown ule alioutoa John Gruber 2004, yaani alama chache tu za kawaida kuonyesha vichwa na herufi nzito, ili hata programu yako ikifa kabisa mtu anafungua kwa Notepad anakuta kazi yake yote. Programu ijihifadhie yenyewe mtu akiacha kuchapa sekunde mbili tatu, Tkinter ina kitu kinaitwa after cha kazi hiyo hiyo. Lakini usiandike juu ya faili lile lile moja kwa moja! Chukua laptopu ambayo betri imeshakufa inaishi kwa waya tu, na hizo huku zimejaa: programu imefungua faili, imefuta yaliyokuwemo ili iandike mapya, na hapo hapo stima inaenda. Ukija kuwasha unakuta faili la baiti sifuri, makala ya wiki nzima imekwenda. Dawa yake, andika kwenye faili la pembeni kwanza, hakikisha limeshuka kwenye diski kwa os.fsync, kisha ndo unalipa jina la lile la zamani kwa os.replace. Hivo stima ikatike saa yoyote itakayo, unabaki na la zamani zima ama jipya zima.

Na kila unapofungua faili taja utf-8, yaani mpangilio unaobeba herufi za lugha zote. Python kwenye Windows ukiiacha ijichagulie inachukua mpangilio wa herufi wa Windows yenyewe, na Kiswahili chetu kinapita bila tabu kwa hivo hutaona kasoro yoyote, mpaka siku mwalimu wa madrasa abandike dua kwa herufi za Kiarabu na programu imgomee katikati ya kuhifadhi. Huku Lamu siku hiyo haichelewi.

Kutuma anza na WordPress peke yake, ile programu ya kuendeshea blogu. Tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016 ina mlango wake wa programu nyingine kupitia, anwani ya blogu halafu /wp-json/wp/v2/posts, unatuma kichwa, maneno na hali, yaani rasimu ama ya kuchapishwa, imekwisha hiyo. Maneno yageuze HTML, lugha ya kurasa za mtandao, kabla ya kutuma, kuna maktaba ya Python inaitwa markdown. Na tangu 5.6 ya Desemba 2020 mtu anaweza kujitengenezea paswedi ya programu moja tu kwenye ukurasa wa wasifu wake, kwa hivo usimwombe ile paswedi yake kubwa, na laptopu ikiibwa anafuta hii ndogo mambo yanaendelea. Usiiweke kwenye faili la mipangilio mtu yeyote akaisoma, tumia maktaba ya keyring inayoificha kwenye hifadhi ya paswedi ya Windows. Haya nayosema ni ya WordPress ambayo mtu ameiweka kwa hosti yake, zile za WordPress.com zina mlango wao mwingine, na Blogger ina mizunguko yake ya Google, hizo ngoja toleo la pili.

Ukitumia maktaba ya requests kutuma, ipe timeout, yaani mwisho wa kusubiri, sekunde thelathini hivi, usipoipa inaweza ikasubiri jibu mpaka kiama. Na kutuma kufanyike kwenye thredi yake, yaani kazi inayokwenda sambamba, mbali na dirisha, la sivo dirisha linaganda jeupe, mtu anabonyeza bonyeza, Windows inasema programu haijibu, anaifunga kwa nguvu. Ila ile thredi isiguse dirisha, iache ujumbe kwenye foleni na dirisha liuchukue lenyewe kwa after.

Hapa ndo penye kazi hasa na ndo wengi wanaparuka. Mtu yuko gati la Mokowe anasubiri boti, laptopu mapajani, hotspoti ya simu, anabonyeza Tuma. Maneno yanafika kwa sava, sava inachapisha, inarudisha jibu kwamba nimepokea, na jibu linapotea njiani mtandao umeyumba. Programu haikuona jibu kwa hivo inasema imeshindikana. Anabonyeza tena. Na tena. Jioni anapigiwa simu na binamu yake Mombasa mbona umeandika habari moja mara tatu? Kosa si lake, ni la programu kudhani kimya maana yake haikufika. Kwa hivo makala ikizaliwa tu ipe kitambulisho chake, mfano kichwa na herufi nne za kubahatisha mwishoni, ukiandike ndani ya faili na ukitume kama slagi, yaani ile sehemu ya mwisho ya anwani ya makala. Kabla ya kutuma mara ya pili uliza sava kwanza, unayo makala yenye slagi hii? Ombi likiwa na paswedi na status=any itakujibu hata kama bado ni rasimu. Ikiwepo chukua namba yake usasishe hiyo hiyo, isipokuwepo ndo unatuma mpya. Na kwenye dirisha weka hali tatu zinazosomeka: iko kwa laptopu, haijulikani kama imefika, imefika. Ile ya katikati ndo ya ukweli, usione haya kuionyesha.

Picha ni haraka. Picha ya simu ina megabaiti kadhaa, ipunguze kwa Pillow, maktaba ya picha ya Python, iwe upana wa pikseli 1200, igeuze kwanza kwa exif_transpose isije ikatokea imelala ubavu, kisha uihifadhi upya bila zile data za EXIF, yaani maelezo ambayo simu inayaficha ndani ya picha. Hizo mara nyingi zinabeba mahali picha ilipopigwa, na mama anayepiga picha mahamri jikoni kwake hajui kwamba anatangaza nyumba yake iko wapi.

Ikishafanya kazi kwako usiitoe bado. Mtafute mtu mmoja asiyejua kompyuta sana, mpe, kaa naye barazani na ufunge mdomo. Kufunga mdomo ndo kugumu. Jirani yangu Langoni alitafuta batani ya kuhifadhi, nikamwambia inahifadhi yenyewe, akasema sawa, akaendelea kuitafuta. Nikamwekea batani. Haifanyi lolote zaidi ya lile linalofanyika tayari, inaandika tu Imehifadhiwa na saa, na tangu hapo anaandika kwa raha zake. Mtu kama huyo atakuonyesha mengi kushinda wajuzi kumi watakaokwambia ungetumia lugha nyingine.

Kufunganya, ili mtu aifungue bila kuinstoli Python, tumia PyInstaller, na uifanyie kwenye Windows kama unatoa ya Windows, haiwezi kutengeneza ya Windows ukiwa Linux. Kuna njia ya kutoa faili moja tu na inavutia sana, ila hiyo kila ikifunguliwa inajifungua upya kwenye folda ya muda, kwa hivo ni nzito kuanza, na antivairasi nyingi huishuku. Bora folda nzima, uizipu, mtu aifungue popote hata kwenye flashi, na wallahi huku programu zinatembea kwa flashi kuliko kwa mtandao.

Windows bado itaweka lile dirisha la buluu kwamba imeikinga kompyuta yako, kwa sababu programu haina saini ya kidijitali ya kulipiwa na haijulikani. Saini ni pesa na huo ni mchezo wako wa jioni, usijilazimishe. Badala yake weka picha mbili za skrini kuonyesha pa kubonyeza ili iendelee, pitisha zipu VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivairasi nyingi, kabla hujaitoa, na andika ile SHA-256 yake, yaani alama ya utambulisho inayobadilika faili likiguswa, pembeni mwa linki ili aliyepewa kwa flashi na mtu wa tatu aweze kuhakikisha ni ile ile haikuchezewa. Chanzo chote, yaani msimbo uliouandika, kiweke GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, na zipu kwenye sehemu yake ya matoleo. Leseni MIT, ni fupi na inasema wazi kwamba hutoi dhamana yoyote.

Namba anza na 0.1.0 na ionekane juu ya dirisha, si kwenye menyu ya tatu ndani, manake mtu akikupigia kwamba haifanyi kazi swali la kwanza ni unayo namba ngapi. La pili ni faili la kumbukumbu za makosa, weka batani inayofungua folda yake alitume kwa WhatsApp, na hakikisha paswedi haiandikwi humo. Kila toleo jipya lisome faili za toleo la zamani, hili usilegeze, mtu ana makala zake za mwaka mzima humo. Na ukichoka nayo, kwa sababu utachoka, andika juu ya ukurasa wake kwamba huishughulikii tena na tarehe, uache chanzo hapo hapo, anayeitaka ataichukua aendelee nayo.