Kumpeleka mzazi kliniki ya presha: maandalizi ya kumwona daktari

Nimemsaidia jirani kumwandaa mama yake kwa kliniki, nikaona niandike hapa. Foleni ni ndefu na muda wa kuonana na daktari ni mfupi, hivyo kazi kubwa ifanyike nyumbani.

1. Usiku uliotangulia, andikeni kwenye daftari shida mbili au tatu. Inayomsumbua zaidi itangulie. Wazee wengi huanza na mafua, maumivu ya kifua wakayataja wakiwa mlangoni.

2. Bebeni dawa zote, zenyewe, na maboksi yake. "Kile kidonge cheupe cha presha" hakimsaidii daktari. Vyeupe viko vingi. Tena dawa moja hubadilika rangi na boksi kulingana na kiwanda, na mgonjwa anaweza kumeza amlodipine (dawa ya presha) mara mbili akidhani ni dawa mbili tofauti. Tafuteni jina la dawa, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, pamoja na miligramu zake. Kama vidonge vimefungwa kwenye bahasha tupu, mwombeni mfamasia aviandikie. Picha za simu mimi sizitegemei: pakiti ikishakatwa, miligramu mara nyingi hazionekani.

Dawa za maumivu nazo ziingie mfukoni. Diclofenac na ibuprofen zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, lakini wengi hawazihesabu. Mitishamba nayo itajwe. Mzee akiogopa kugombezwa, sema wewe: "Daktari, mama anatumia na mlonge pia."

Na zile alizoacha? Hapo ndipo pagumu, kwa sababu watu huona haya. Enalapril, nayo dawa ya presha, huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Amlodipine inaweza kuvimbisha miguu. Mama anaacha kimyakimya, presha inapanda, na daktari asiyejua anaongeza dozi ya dawa isiyomezwa. Akiambiwa ukweli, anaweza kumbadilishia. Lakini msiache wala kubadilisha wenyewe.

3. Mwache mzazi ajieleze kwanza. Wewe jazia.

4. Kabla ya kuinuka, rudia maelekezo: "Kwa hiyo hii ya 1x2 ni kimoja asubuhi na kimoja jioni?" Kisha uliza ni dalili zipi zikitokea mrudi siku hiyohiyo, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.