Somo: Lipu ya Venezia kwa anayeanza, hapa kwetu Lubumbashi

Jambo ndugu wote. Tangu niweke picha ya ule ukuta wa sebule kule Bel-Air, wengi mmeniuliza nimepaka rangi gani. Ukuta ule hauna rangi ya kopo hata tone. Ni chokaa na unga wa marumaru, tabaka jembamba juu ya jingine, vikasuguliwa kwa mwiko hadi ving'ae. Mji wa Venezia, kule Italia, uko ndani ya maji ya bahari, umesimama juu ya nguzo za miti zilizopigwa kwenye matope, na bamba za marumaru ni mzigo mzito. Lipu hii ikawapa wenyeji wake sura ya marumaru bila uzito wake, tena inaacha unyevu wa ukuta utoke. Sisi bahari hatuna, lakini mawe ya chokaa tunayo jirani, Kakontwe karibu na Likasi.

Mng'ao ule unatengenezwa na mkono. Shikeni hilo, maana kila kosa nililoliona kwa wanafunzi linaanzia kwa mtu anayetaka kumaliza kwa tabaka moja nene.

1. Anza na ubao. Tafuta kipande cha triplai cha sentimita 60 kwa 60, kipake rangi ya kwanza yenye mchanga mwembamba ndani ili chokaa ipate pa kushika. Fanya vipande vitatu, vinne, kabla hujagusa ukuta wa mtu.

2. Mwiko. Uwe bapa, wa chuma kisichoshika kutu, unaopinda kidogo ukiubonyeza. Zile pembe nne zisugue kwa msasa mpaka ziwe mviringo, la sivyo kila mkupuo utaacha mkwaruzo. Uwe na kitambaa chenye maji kiunoni. Chembe moja iliyokauka kwenye makali inaharibu mita nzima.

3. Ukuta. Lipu ya sima ingoje siku 28. Kisha nyunyizia maji: yakinywewa polepole, uko tayari, yakitiririka kama juu ya kigae, chokaa haitashika. Mashimo yazibwe sasa, maana lipu hii ni nyembamba kuliko kucha na haifichi kitu.

4. Mchanganyiko. Nunua chokaa iliyokwisha kuzimwa. Ile mbichi ya tanuru msiiguse. Ikikutana na maji inachemka na kuruka. Loweka unga wa hiyo chokaa iliyozimwa kwenye ndoo yenye kifuniko, maji yakae juu yake, uache wiki mbili au zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika kama siagi. Mwaga maji ya juu, chukua kopo moja la chokaa kwa kopo moja la unga wa marumaru uliochekechwa kwa kitambaa. Unga unaweza kuupata kwa wakata mawe, ila wengi wao wanakata graniti pia. Dondoshea ndimu: unga wa marumaru unatoa povu, wa graniti unanyamaza. Rangi ya unga isizidi sehemu 10 kwa 100 ya uzito wa chokaa, na iwe ile inayovumilia chokaa, kama nyekundu na njano za kutu ya chuma.

Vaa miwani na glavu. Chokaa inakula ngozi, na jicho ni hatari zaidi: ikiingia, mimina maji safi dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

5. Kupaka. Lowesha ukuta kidogo. Tabaka la kwanza, mwiko uinuke kidogo tu kutoka ukutani, mikupuo mifupi inayokatana huku na huku, usifuate mstari. Acha likauke hadi kesho. La pili, jaza pale palipobaki wazi, kisha vuta ziada yote. La tatu, simamisha mwiko zaidi na ubonyeze, kana kwamba unaiondoa chokaa yote. Inayobaki ndiyo kazi yako.

6. Kusugua. Hapa ndipo moyo wa kazi. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikiwa baridi lakini hainati, muda umefika. Chukua mwiko safi kabisa, ulaze, sugua kwa nguvu. Mwanzoni unasikia mkwaruzo kama wa msasa. Ukiendelea, sauti inakuwa laini, na mwanga wa dirisha unaanza kuonekana ndani ya ukuta. Washa tochi ubavuni mwa ukuta uone pale ambapo bado hapajang'aa. Kwenye rangi nyeupe, mwiko wa chuma cha kawaida unaacha alama nyeusi, na hizo hazitoki.

Ukuta wangu wa kwanza niliufanya mwezi wa kumi, lile jua kali la kabla ya mvua. Chokaa ikakauka kabla sijarudisha mkono, na kesho yake mipasuko ilikuwa kama ya bwawa lililokauka. Nilikwangua wote, nikarudia kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo, miezi ya joto nafunga madirisha na kuanza alfajiri.

7. Nta. Ngoja wiki tatu au nne chokaa igande vizuri, ndipo upake nta ya nyuki kwa kitambaa, kidogo sana.

Maswali yenu

*Yaya, kwetu Katuba nyumba ni ya matofali ya udongo, na chini ukuta unalowa kila mvua. Lipu hii itafunika?*
Mama, itabanduka. Kwanza ondoa maji: chimba mfereji, ongeza ukingo wa mabati. Ukuta ukikauka msimu mzima, weka lipu ya chokaa na mchanga badala ya sima, kisha hii juu.

*Naweza kutia udongo mwekundu wa kichuguu kupata rangi?*
Wazo zuri, mdogo wangu, lakini udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi, na mfinyanzi ukikauka unajikunja na kupasua. Uoshe, uchekeche, ujaribu kijiko kimoja kwenye ubao kwanza.

*Sima nyeupe haiwezi kuchukua nafasi ya chokaa? Iko dukani kila siku.*
Hapana, Papa. Sima inashika kwa saa chache, haikungoji usugue.

*Bafuni je?*
Mbali na maji, ndiyo. Pale bomba linapomwagia, hapana. Watu wa Moroko wana tadelakt, chokaa inayosuguliwa kwa jiwe na sabuni mpaka isipitishe maji. Huo ni ufundi mwingine, nami bado najifunza kwenye vibao.

*Mteja anataka bei kwa mita. Nimwambieje?*
Mwonyeshe ubao wako, kisha mhesabie siku. Chumba kidogo kinakula siku nne au tano kabla ya nta, na asiyekubali hizo siku, mpakie rangi ya kawaida mwachane kwa amani.