Jinsi ya kutoka La Paz kwa lifti: panda El Alto kwanza

Ukitaka kutoka La Paz, Bolivia, kwa lifti, yaani kuomba kubebwa na magari barabarani, anza kwa kulipa nauli ya kukupandisha El Alto. Wageni wengi hupoteza nusu siku kwenye barabara kuu inayopanda kutoka mjini, wamebeba kibao cha boksi, huku magari yakiwapita kwa kasi. Mji umekaa ndani ya bakuli. Katikati yake ni kama mita 3,640 kutoka usawa wa bahari, na juu ukingoni, mita 4,100 na ushei, kuna El Alto, mji mwingine mzima ambao kwa sensa ya 2024 una watu wengi kuliko La Paz yenyewe. Ukiacha barabara ya Yungas, yale mabonde yenye joto ng'ambo ya milima, karibu njia zote za kwenda mikoani zinapitia huko juu. Dereva unayemkuta kwenye mpando ana haraka, hana pa kuegesha, na mara nyingi safari yake inaishia El Alto.

Hapa naeleza barabara ya kusini, ile ya Oruro, kwa sababu ndiyo yenye malori mengi na ndiyo inayokupeleka Cochabamba, Uyuni au Arica kule Chile. Wa Copacabana na Ziwa Titicaca aende upande wa Río Seco, huko huko El Alto. Wa Coroico, kule Yungas, aanzie mtaa wa Villa Fátima, La Paz.

Hatua ya 1: Mwili uzoee hewa

Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro: katikati ya La Paz ni karibu sawa na kambi ya Horombo, na El Alto iko kati ya Horombo na Kibo. Tofauti ni kwamba mlimani unapanda kwa siku kadhaa, ila hapa ndege inakushusha El Alto kwenyewe. Ukitokea Dar au Mombasa, jipe siku mbili tatu za kutembea polepole, maji mengi, chakula chepesi, chai ya majani ya koka, na pombe uiache kabisa. Kusimama barabarani na begi mgongoni kwenye mita 4,000 ni kazi. Kichwa kikiendelea kuuma na chakula hakikai tumboni, ahirisha safari. Ukianza kupumua kwa shida hata ukiwa umekaa, au kuyumba unapotembea, nenda hospitali na ushuke sehemu ya chini haraka, tena kwa gari la kukodi. Anayekwenda Arica ajue kwamba mpaka wa Tambo Quemado uko juu zaidi, zaidi ya mita 4,600.

Hatua ya 2: Chagua siku

Bolivia watu wakidai haki yao wanafunga barabara. Wanaita bloqueo: mawe, matairi, magari yamewekwa kukingama njia, na inaweza kuwa ya saa chache au ya wiki nzima. Usiku wa kuamkia safari fungua ramani ya hali ya barabara ya ABC, mamlaka ya barabara ya nchi hiyo, na asubuhi muulize tena mwenye nyumba ya wageni. Ukikuta njia imefungwa usijaribu kupenya kibishi. Wale watu wana sababu zao, na dereva aliyekubeba ndiye atakayevunjiwa kioo.

Jumapili malori huwa machache. Siku ya uchaguzi magari hayatembei bila kibali, na Jumapili ya kwanza ya Septemba ni siku ya waenda kwa miguu nchi nzima. Wiki ya kanivali ya Oruro, Februari au Machi, barabara inajaa na walevi nao wanaongezeka; mimi wiki hiyo naipisha.

Hatua ya 3: Panda juu

Toka mapema, saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Juni hadi Agosti alfajiri ya El Alto inagandisha maji, kwa hiyo glavu, kofia ya sufu na koti la kuzuia upepo si mapambo. Ila jua likishachomoza linababua, basi paka mafuta ya kujikinga.

Panda teleférico, yale magari ya angani yanayopita juu ya mapaa. Laini ya zambarau, Morada, ina kituo cha Obelisco katikati ya mji na inakufikisha Faro Murillo, El Alto. Hapo uliza Avenida 6 de Marzo, halafu tafuta basi dogo lenye kibao cha Senkata au Ventilla kwenye kioo cha mbele. Wapiga debe wapo, utasikia jina kabla hujaliona. Simu na pasi viwe mfuko wa ndani, maana stendi za El Alto zina vidole vyepesi.

Hatua ya 4: Mahali pa kusimama

Hii ndiyo hatua inayoamua siku yako, basi usiiharakishe.

Senkata panavutia kwa sababu kuna bohari kubwa la mafuta na gesi, na malori ya tangi yanaingia na kutoka. Lakini bado ni mjini. Kila basi dogo litakupigia honi likidhani unangoja usafiri, na dereva wa lori hawezi kukutofautisha na abiria mwingine yeyote. Songa mbele hadi nyumba zianze kuachana, upande wa Ventilla. Bora zaidi, chukua basi dogo linalokwenda Patacamaya ushukie kituo cha ushuru wa barabara cha Achica Arriba. Pale kila gari linapunguza mwendo lenyewe, dereva anakuona uso, na wauza vitafunwa wapo, kwa hiyo hauko peke yako.

Simama mbele ya kibanda, pale gari linapoanza kuondoka taratibu, penye bega la barabara pana la kuegeshea. Na kumbuka: Bolivia wanaendesha kulia. Sisi tuliokulia kwenye barabara za kushoto, miguu yetu inatupeleka upande usio wetu bila kujua, na macho yanatazama gari linakotokea kwetu, si linakotokea kwao. Kabla ya kuvuka tazama kushoto kwanza.

Begi liweke chini linapoonekana. Miwani ya jua vua. Mkono nyoosha mbele na uupunge taratibu kuelekea chini.

Hatua ya 5: Ongea bei kabla ya kupanda

Kule mtu wa kijijini akipanda lori analipa, na dereva anategemea hivyo. Si ulafi, ndiyo desturi. Msalimie: *Buenos días, maestro* (habari za asubuhi, fundi). Muulize anakwenda wapi kabla hujamwambia unakokwenda wewe, kisha: *¿Cuánto sería?* (itakuwa kiasi gani?) Ulizia nauli ya basi siku moja kabla, stendi kuu ya La Paz, ili ujue kipimo. Akikataa hela, mnunulie chakula njiani. Chenji ndogo ya boliviano iwe tayari, noti kubwa zinaleta maneno.

Jambo moja ambalo miongozo ya Wazungu haitaji. Kuna imani ya zamani Bolivia kwamba kumwona mtu mweusi ni bahati, na baadhi ya watu wakikuona watamfinya jirani yao wakisema *suerte, negrito* (bahati, kijana mweusi). Inaudhi, na huna deni la kucheka. Nchi ina sheria dhidi ya ubaguzi tangu 2010, na Wabolivia weusi, wengi wao wenye asili ya Yungas, wameipinga tabia hiyo kwa muda mrefu. Mimi husema natoka Afrika Mashariki, na safari nyingi mazungumzo yanahamia kwenye mambo mengine. Dereva akiendelea nayo, shukuru uache gari lipite.

Acha lipite pia dereva akinuka pombe, au wanaume wakiwa wamejaa mbele na wanataka ukae katikati. Mwanamke aliye peke yake achague lori lenye familia au apande basi. Wote tuwe tumeshuka kabla ya giza.

Hatua ya 6: Mahali pa kushukia

Patacamaya, kama kilomita 100 kutoka La Paz, ndipo njia inapogawanyika. Malori ya Arica yanakata kulia kuelekea Tambo Quemado. Madereva husimama hapo kula supu ya nyama yenye chuño, viazi vilivyogandishwa na kukaushwa, na mezani ndipo ninapopata lifti ya pili kwa urahisi kuliko barabarani. Ukivuka kwenda Chile, maliza au gawa matunda, jibini, nyama na majani ya koka kabla ya mpaka, na chochote cha chakula kilichobaki kiandike kwenye fomu.

Anayeendelea kusini amuulize dereva mapema kama anafika Oruro au anakata kushoto kwenye mji mdogo wa Caracollo kwenda Cochabamba. Akikata, mwombe akushushe kabla ya kona, upande wenye vibanda vya chakula, maana magari ya Oruro yanapunguza mwendo hapo na kutoka pale zimebaki kilomita zisizofika 40.