Namna ya kusahihisha kitovu cha awamu cha antena unapohamisha vimo kwa setilaiti katika Ziwa Victoria

Mpima anayetaka kuhamisha kimo kutoka Mwanza mjini hadi Ukerewe hawezi kuvusha leveli juu ya maji, kwa hiyo hutegemea risiva mbili za setilaiti, moja juu ya bikoni (alama ya upimaji iliyojengewa ardhini) ya bara na nyingine juu ya bikoni ya kisiwani. Risiva hizo hazipimi umbali hadi kwenye bikoni, bali hadi kwenye kitovu cha awamu cha antena, yaani mahali ambapo mawimbi yanaonekana kupokelewa. Mahali hapo hapafikiki kwa tepu, na husogea kulingana na masafa ya wimbi na upande wa anga linakotokea. Usiposahihisha jambo hilo, sehemu kubwa ya kosa huangukia kwenye kimo, na ukitumia antena za aina mbili tofauti kosa linaweza kufikia sentimita kadhaa. Antena mbili za aina moja, zilizoelekezwa upande mmoja na zikiwa karibu, hufutiana kosa hilo. Lakini katika kazi za ziwani ni nadra kupata bahati hiyo, kwa sababu vifaa mara nyingi hukusanywa kutoka ofisi mbalimbali.

Anza na kile kinachopimika. Kila antena ina sehemu yake rasmi ya rejeo, ambayo kwa kawaida ni uso wa chini kabisa wa kitako chake, pale inapofungwa kwenye tripodi. Kimo kutoka bikoni hadi hapo lazima kiwe cha wima. Ukipima kwa mshazari hadi ukingo wa antena, kibadilishe kabla ya kukiandika: tuseme umepata mita 1.567 na nusu kipenyo cha antena ni mita 0.170, kipeo cha pili cha 1.567 ukitoa kipeo cha pili cha 0.170, kisha ukatafuta kipeuo cha pili, utapata mita 1.558. Ikiwa ukingo huo uko milimita 35 juu ya sehemu ya rejeo, kimo cha kuandika ni mita 1.523. Andika pia kwenye daftari la uwandani jinsi ulivyopima, kwa kuwa namba peke yake haitamweleza mchakataji kama ni ya mshazari au ya wima. Halafu elekeza alama ya kaskazini ya antena kaskazini. Kwa antena za kijiodesia, yaani za upimaji wa usahihi mkubwa, kitovu hukengeuka kwa mlalo milimita chache tu, ila antena iliyogeuzwa nyuma-mbele hulifanya kosa hilo kuwa maradufu.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibu kazi nyingi, nayo ni jina la antena. Katika kichwa cha faili la RINEX, yaani faili la vipimo vya risiva katika muundo unaosomwa na programu mbalimbali, jina hilo huchukua herufi 20: 16 za kwanza ni za aina ya antena, nafasi tupu zikiwemo, na nne za mwisho ni za kofia yake, yaani kifuniko kinachoikinga. Antena isiyo na kofia huandikwa NONE, kwa mfano «TRM57971.00     NONE», ambapo kuna nafasi tano tupu katikati. Nafasi moja ikipungua, baadhi ya programu huenda zisilitambue jina. RTKLIB, ambayo inapatikana bila malipo na ambayo wengi wanaitumia, haisimami inapokosa jina; huendelea kukokotoa kwa sahihisho la sifuri na kutoa jibu lenye sura nzuri. Ukiacha alama ya nyota kwenye sehemu ya aina ya antena, programu husoma jina na kimo kutoka kwenye kichwa cha faili. Ukijaza mwenyewe, zingatia mpangilio: RINEX huandika kimo, mashariki, kaskazini kwa mita, RTKLIB hutaka mashariki, kaskazini, juu kwa mita, na jedwali la ANTEX, yaani faili la masahihisho ya antena, huandika kaskazini, mashariki, juu kwa milimita. Nani aliyeamua mambo yawe hivyo, sijui, lakini ndivyo yalivyo.

Masahihisho yenyewe yamo kwenye faili la ANTEX linalotolewa na IGS, huduma ya kimataifa ya data za setilaiti za kupimia mahali. Kwa kila antena na kila masafa utakuta vipande viwili: umbali wa wastani kutoka sehemu ya rejeo hadi kwenye kitovu, na jedwali la mabadiliko madogo kwa kila pembe, kuanzia utosini hadi upeo wa macho. Vipande hivyo hukadiriwa kwa pamoja, kwa hiyo usichukue kimoja kutoka kwenye faili hili na kingine kutoka kwenye lile. Usichanganye pia majedwali ya zamani yaliyolinganisha antena na antena nyingine na haya ya sasa, ambayo IGS ilianza kuyatumia Novemba 2006.

Sababu ya kuwa makini zaidi kwetu ni ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme linalovuruga mawimbi ya setilaiti. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, katika ukanda ambao ionosfia husumbua sana, hasa baada ya jua kuzama, hivyo kwa umbali mrefu hatuna budi kuchanganya L1 na L2, masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti za GPS, ili kuiondoa. Mchanganyiko huo huzidisha L1 kwa 2.546 na kutoa L2 iliyozidishwa kwa 1.546, na vitovu vya awamu hupitia hesabu hiyohiyo. Chukua antena ambayo kitovu chake cha L1 kiko milimita 90 juu na cha L2 milimita 120: kitovu cha mchanganyiko hakiko kati yao, bali kiko milimita 44 hivi, chini ya vyote viwili. Anayetumia namba ya L1 peke yake ameshakosea kimo kwa milimita 46, na kosa la milimita 10 katika L1 hugeuka kuwa 25.

Ukiunganisha kazi na vituo vya IGS vya Kigali (NURK) au Mbarara (MBAR), ambavyo viko zaidi ya kilomita 300 kutoka Mwanza, faili la ANTEX lazima liendane na obiti ulizopakua: igs14.atx kwa ITRF2014, igs20.atx kwa ITRF2020 (ITRF ni mfumo wa kimataifa wa rejeo la mahali duniani). Faili hilo hubeba pia vitovu vya antena za setilaiti zenyewe. Kwa upimaji wa papo kwa papo, hakikisha kituo cha msingi kinatuma jina la antena yake kwa ujumbe namba 1008 au 1033 wa RTCM, kanuni ya kutuma data za masahihisho. Kama data zake zimeshasahihishwa na kupewa antena ya kubuni, kwa kawaida jina lake ni ADVNULLANTENNA, usiongeze sahihisho la pili.

Kabla ya kuvuka maji, jaribu antena zako mbili juu ya bikoni mbili zilizo jirani kwenye mwamba imara, na Mwanza haijapungukiwa na mawe. Pima tofauti ya vimo kwa leveli, kisha kokotoa kwa L1 peke yake, L2 peke yake, na mchanganyiko. Majibu yote matatu yakikosea kwa kiasi kilekile, shuku kimo ulichopima kwa tepu. L1 ikikubali na mchanganyiko ukakataa, shuku jina au jedwali. Kisha badilisha antena mahali na urudie. Tofauti ikihama pamoja na antena, tatizo ni la antena. Ikibaki palepale, basi ni mawimbi yanayoakisiwa na mawe au na maji ya ziwa, na hilo halina jedwali katika ANTEX: hamisha bikoni, au acha setilaiti zilizo chini ya nyuzi 15.