Kufufua bawa la Tiger Moth kutokana na mabaki

Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya kijeshi ya Uingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, ina kiunzi cha mwili cha mabomba ya chuma, ila mabawa yake manne ni mbao iliyovikwa kitambaa. Kwa hiyo mabaki yaliyokaa nje miaka mingi mara nyingi huwa na mwili wa kuokolewa na mabawa yaliyooza. Usitupe bawa bovu. Vipimo vyake vitasaidia pale michoro isiposomeka, na vyuma vyake ni vigumu kupatikana.

Anza na boriti mbili ndefu zinazobeba bawa, ya mbele na ya nyuma, ambazo ni za sprusi (mti wa jamii ya msonobari). Ondoa vanishi, tia chumba giza, kisha laza tochi ubavuni mwa mbao ili mwanga upite juu juu. Ukiona mstari mwembamba unaokata nyuzi, hapo mbao iliwahi kubanwa hadi nyuzi zikajikunja, pengine katika ajali iliyosahaulika. Boriti hiyo haifai, hata ikionekana imara. Kagua zaidi kwenye matundu ya bolti. Mbao nzima ukiichokoa hutoa vibanzi virefu. Iliyooza hukatika vipande vifupi kama biskuti.

Viungo navyo visikudanganye. Gundi ya zamani ya kasini hutokana na maziwa, na unyevu ukiingia kuvu huila. Ubavu, yaani kipande cha mbao kinacholipa bawa umbo lake, unaweza kuonekana umeshika kumbe umeshikiliwa na misumari tu. Pitisha kisu chembamba kwenye kila kiungo.

Ikiwa michoro ya kiwanda inaruhusu kuunga boriti, kata mshazari wa 1:12, yaani mbao ya milimita 30 iungwe kwa urefu wa milimita 360. Kiungo kisiangukie chini ya pachiko la chuma, yaani kipande kinachofungwa kwa bolti kuunganisha sehemu. Unyevu wa mbao uwe asilimia 8 hadi 12. Malizia kwa randa kali, maana vumbi la msasa huziba vinyweleo vya mbao. Paka gundi ya resosinoli pande zote mbili, kwenye joto lisilopungua nyuzi 21, na ubane sawasawa. Gundi hii haijazi mwanya, kwa hiyo kiungo kilicholegea kitabaki dhaifu hata ukiijaza tele. Gundisha pia vipande vya majaribio kwa mchanganyiko uleule. Ikishakauka kabisa, vivunje. Inapaswa kuvunjika mbao. Ikiachia gundi, rudia kazi yote.

Bolti zote ziwe mpya. Mapachiko ya chuma yapimwe nyufa, na yakipakwa upya kwa umeme kadimiamu, metali ya kuzuia kutu, yaokwe bila kuchelewa kwenye nyuzi 190 hivi, kwani haidrojeni iliyoingia huweza kukifanya chuma kigumu kivunjike ghafla.

Pima umbali wa pembe hadi pembe wa kila chumba cha bawa, yaani kila nafasi iliyogawanywa ndani yake, na ukaze nyaya za ndani hadi vipimo viwili vya kila chumba vilingane. Paka vanishi ya vijenzi viwili, hasa kwenye ncha za mbao zinazofyonza maji. Vanishi ya kawaida huyeyushwa na rangi ya kukazia kitambaa.

Mkaguzi aone kila kitu kabla ya kufunika. Kitambaa cha poliesta kikaze kwa pasi iliyopimwa kwa kipimajoto, kwanza nyuzi 121, kisha kwa hatua, bila kupita 177. Kishone kwenye kila ubavu kwa nafasi za michoro, na toboa matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wa nyuma, sehemu ya chini kabisa ya kila chumba.